Nyuzi za Kapu la Refa

Mwisho ulikuwa saa nne. Ndivyo walivyokubaliana kwenye simu, binti na kaka yake, wiki moja kabla: baba yao aende madukani peke yake, anunue vitu vitano, arudi kabla ya saa nne asubuhi. Akiweza, abaki kwenye nyumba yake. Akishindwa, Jumapili anahamia kwa bintiye, mji mwingine, ghorofa ya nane, ambako chini ya jengo kuna duka kubwa lenye kila kitu.

Baba mwenyewe aliambiwa, na hakubisha. Aliuliza tu kama kwenye hilo duka kubwa kuna mtu atakayemjua. Binti akasema huko hakuna haja ya kujulikana, mtu anachukua kitu rafuni, analipa, anaondoka. Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeelezwa dalili za ugonjwa.

Mtaani walimwita Refa. Alichezesha mpira miaka thelathini, na mpaka leo hatoki nyumbani bila kipenga shingoni.

Binti alikuwa amefika jana yake, giza likianza kuingia. Kapu la ukindu lilining'inia kwenye msumari pale kibarazani, na mpini wake ulikuwa umefungwa vipande vya nyuzi: cheupe, cha manjano, cha kijani, chekundu na cheusi. Aliona ni uchafu wa mtu anayeishi peke yake. Akachukua mkasi akavikata vyote, akalisugua kapu kwa sabuni, akatandika kitambaa safi juu yake. Hakutaka baba yake aende kwenye mtihani ule akionekana kama mtu aliyetelekezwa.

Asubuhi, saa mbili na nusu, Refa akachukua kapu na kutoka. Madukani ni mwendo wa dakika saba.

Saa tatu ikapita. Saa tatu na nusu, binti akaosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Saa nne kasorobo kaka yake akapiga simu kuuliza kama mzee amerudi, naye akajibu kwamba bado. Saa nne ilipofika alidhani angalau atahisi jambo limeamuliwa. Badala yake aliutazama mlango. Akavaa viatu.

Yalikuwa maduka sita tu, yamepangana kwenye baraza moja refu la saruji lililong'arishwa na miguu ya watu. La kwanza lilikuwa duka la dawa. Mwuza dawa, mama mtu mzima mwenye miwani, alimtambua kwa sura ya baba yake kabla hajajitambulisha.

"Alipita mapema, mwanangu. Nilikuwa na foleni. Nikalitazama kapu nikamwambia, Refa, umemaliza, kipenga kimelia, nenda nyumbani."

Binti akauliza angemaliza vipi wakati hajapewa hata kidonge kimoja.

Yule mama akavua miwani. "Lakini kapu halikuwa na uzi."

"Uzi gani?" aliuliza, ingawa vidole vyake vilikuwa vimeshaelewa.

Akaelezwa palepale, kwa sauti ya chini. Mwaka jana Refa alikuja kununua mkate mara tatu kwa siku moja, na mara zote tatu akasalimia kana kwamba ndiyo kwanza anafika. Fundi cherehani, mwenye duka la mwisho, ambaye pia nyumba yake inatazamana na ya Refa, ndiye aliyepata wazo. Kila jioni akirudi kwake hufunga nyuzi tano kwenye kapu: nyeupe ya dawa, manjano ya mkate, kijani ya mboga, nyekundu ya nyama, nyeusi ya gazeti. Asubuhi kila duka linampa kitu chake na kufungua uzi wake. Kapu likiwa halina uzi, mzee amemaliza, na yeyote atakayemwona anamwambia aende nyumbani. Refa alijua. Ni yeye aliyeomba watoto wasiambiwe.

Binti hakusema kuhusu mkasi. Alitoka akaingia duka la pili, kisha la tatu, akasikia habari ileile. Mwuza mkate alikuwa amemrudisha nyumbani. Mama wa mboga alikuwa amemrudisha. Mwenye bucha alisema mzee alikwenda kwake mara mbili.

"Mara ya pili nikamtania, Refa, unataka dakika za nyongeza? Hakucheka." Akaweka kisu chini. "Yeye hucheka siku zote."

Mwuza magazeti ndiye aliyemwona mwisho. Refa alimuuliza lile duka kubwa, lile lenye kila kitu ndani, liko upande gani. Kijana wa watu alidhani mzee anataka kujua tu, akanyoosha kidole. Huku pia lilikuwapo moja, ng'ambo ya barabara kuu.

Fundi alikuwa ameshatoka dukani kwake na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Alisikia neno barabara, akavuta mlango wake wa chuma chini. Halafu likafungwa bucha, halafu duka la dawa lenye foleni, na wateja wakabaki barazani wakitazamana.

Barabara kuu ilikuwa na njia tatu kwenda na tatu kurudi, na katikati tuta jembamba la saruji. Refa alikuwa amesimama juu ya tuta. Kapu alilikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Malori yalipita mbele yake na nyuma yake, na kila moja lilipopita shati lake lilijaa upepo.

Binti alifungua mdomo. Fundi akamshika mkono.

"Usimwite, dada. Ukimwita atakuja."

Akaufunga mdomo. Lakini mzee alikuwa ameshawaona. Alimtazama binti yake, akalitazama kapu, kisha akashusha mguu mmoja kwenye lami. Honi ya basi ililia kwa muda mrefu.

Mwenye bucha hakusubiri. Aliingia barabarani na aproni yake yenye damu, mikono juu, akitembea bila kukimbia. Refa alipoona mtu ndani ya barabara, kitu fulani kikamrudia. Alitia kipenga mdomoni, akapuliza mara moja, akanyoosha mkono juu kama anayesimamisha mchezo. Magari yakasimama pande zote mbili. Baadaye hawakukubaliana kama madereva waliogopa aproni au walitii kipenga.

Walipomfikisha pembeni, Refa hakuwatazama wenye maduka. Alimwambia binti yake peke yake, kwa sauti ya mtu anayeona haya.

"Hawakunipa kitu hata kimoja. Nimewakosea nini?"

"Hujawakosea, baba. Wala wao hawajakukosea. Mimi nilikata nyuzi."

Mzee alifikiri. "Zote?"

"Zote."

"Basi mchezo haukuanza," alisema, na alivyosema ilikuwa wazi kwamba hilo limeshaamuliwa.

Kwenye duka la fundi binti alikaa akimtazama akifunga nyuzi tano upya. Hakuwa na ugomvi na mtu. Aliuliza swali moja tu: hapa wakimwambia aende nyumbani, nani anajua kama amefika?

Fundi alisema hilo ndilo linalomsumbua kila asubuhi. Barazani macho ni mengi, lakini kuanzia kona ile hadi kwa Refa hakuna wa kufungua uzi.

Binti alichagua uzi wa buluu kwenye boksi, akaufunga mwenyewe, mwisho wa mpini. Kisha akamwacha baba yake mlangoni kwa mwuza dawa, akarudi nyumbani peke yake bila kugeuka, na hizo dakika saba zilikuwa ngumu kuliko za kukimbilia barabarani.

Kaka yake alipiga tena. Alitaka neno moja, ameweza au ameshindwa.

"Mchezo umeanza sasa hivi," alisema. Akamweleza yote, na mkasi pia. Akamwambia kuna uzi wa sita, ambao unahitaji mtu kwenye kibaraza hiki kila siku, na kwamba yeye atakaa mwezi mmoja, hawezi zaidi.

"Na baada ya mwezi?" kaka aliuliza.

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Hakusubiri jibu, kwa sababu pale konani lilitokea kapu, kisha mzee. Alitembea polepole, katikati ya njia, akiegemea upande wa uzito. Binti alisimama. Alipokaribia, gazeti lilionekana limechomoza pembeni ya kitambaa, na kwenye mpini kulikuwa na uzi mmoja tu, wa buluu.

Binti alianza kuufungua. Fundo halikulegea. Baba yake alisimama akimwinulia kapu, bila haraka.

"Umekaza mno," alisema. "Fundi hufunga la kuvuta mara moja. Kesho akuonyeshe."