Bega la Orest Paluk

Miaka kumi na minane Orest Paluk alikula mkate wa hoki ya barafu, na mkate wenyewe aliutafunia upande mmoja, maana upande wa pili meno hayakuwapo. Watu wa Dunmere, mji wenye maghala ya ngano mengi kuliko watu waadilifu, walimwita "yule aliyecheza ligi kuu". Ni kweli, alicheza. Mechi saba tu, miaka mingine yote ikaenda kwenye ligi ndogo. Ukijumlisha dakika zote za hizo saba alizokaa juu ya barafu, yai lisingechemka likaiva. Muda uliobaki alikaa benchi, mikono magotini, mtulivu kama mchumba anayesubiri majibu ya posa.

Kazi yake haikuwa kufunga magoli. Mwenyezi Mungu hagawi vipaji vyote kwa mtu mmoja, na kwa Orest hakutaka kuvunja desturi. Kazi yake ilikuwa kupigana. Mwenzao akigongwa vibaya, kocha alikuja nyuma ya benchi akamgusa bega, mara moja, bila neno. Hapo Orest aliruka ukuta mfupi, akatupa glavu chini, akamtafuta mkosaji, wakatwangana mpaka marefa waridhike. Kisha alikwenda kukaa kwenye kibanda cha adhabu akinywa maji, watu wakimpigia makofi. Bega, ukuta, ngumi. Ndoa nyingi hazina utaratibu mzuri hivyo.

Mama yake, Stefania, alimwashia mshumaa kanisani kila Jumapili ili aache kupigana. Sala zilijibiwa mwanawe alipotimiza miaka thelathini na tisa, na yaliyojibu ni magoti. Orest akarudi nyumbani. Timu ya mji, Wapura Ngano, ikampa ukocha, kwa hekima ile ile ya kumpa mtu upishi kwa sababu amekula sana.

Msaidizi wake alikuwa Gord Lysak, mwalimu wa hesabu, mtu wa daftari na sauti ya kuazima. Siku ya kwanza kabisa Orest alimwonya.

"Mwalimu, ukiwa na neno niite. Usiniguse bega."

"Lina maumivu?"

"Lina mazoea."

Mwalimu Gord aliandika hilo daftarini, kisha akalisahau, kama wanafunzi wake wanavyosahau kila anachowaandikia ubaoni.

Msimu wa pili, kwa rehema za Mungu na golikipa mzuri, Wapura Ngano walifika fainali. Mji mzima ukaacha kunyoa ndevu, maana anayenyoa wakati wa mtoano anainyoa bahati ya timu. Kinyozi alifunga duka akaenda kumsalimia dada yake. Fainali ilikuwa ya mechi saba, wakagawana sita za mwanzo, tatu kwa tatu. Asubuhi ya mechi ya saba mwenyekiti wa klabu, Mama Verna Kostiuk, muuza matrekta, alimwita Orest ofisini.

"Nisikuzungushe, Orest. Kuna kijana mjini Regina, ana kompyuta. Inamwambia nani acheze na nani apumzike. Ukishindwa leo, namchukua."

"Hiyo kompyuta imewahi kuvaa viatu vya barafu?"

"Haijawahi kupigwa ngumi ya kichwa, na hiyo ndiyo sifa yake."

Orest alitoka. Alijua kufanya mambo mawili duniani. La kwanza magoti yalikwisha kulikataa. La pili ndilo hili la ukocha.

Jioni uwanja ulijaa hadi kwenye ngazi. Stefania alikaa mahali pake pa siku zote, rozari mkononi, kikapu cha maandazi ya viazi miguuni. Zikiwa zimebaki sekunde thelathini na nane, Wapura Ngano walikuwa mbele kwa magoli mawili kwa moja. Wapinzani, Wachimbaji wa Esker, walimtoa golikipa wao wakaingiza mshambuliaji wa sita. Wakaja kama nyuki. Kijana wa Dunmere akakandamizwa ukutani, kioo kikatikisika, watu wakapiga yowe.

Mwalimu Gord alikuwa na neno la maana sana: waombe mapumziko. Aliita mara tatu. Sauti ikapotea kwenye kelele. Basi mwalimu, msomi wa hesabu, akanyoosha mkono akamgusa kocha wake bega.

Mazoea yana taabu. Kabla akili haijauliza "nani?", mguu ulikwisha vuka ukuta. Orest Paluk, miaka arobaini na moja, suti ya kijivu, tai nyekundu, viatu vya kanisani, alitua juu ya barafu. Alisimama wima kwa muda wa kusema Amina. Kisha akaenda kwa tumbo hadi katikati ya shambulio, mikono ikihangaika kuvua glavu ambazo hakuwa amezivaa. Wachimbaji wawili wakamkwepa. Wa tatu akamwangukia.

Filimbi.

"Ujanja huo!" mtu alipiga kelele jukwaani. "Kocha kavunja shambulio!" Makofi yakalipuka. Hata Mama Kostiuk alisimama nyuma ya kioo, uso umeng'aa, kana kwamba yeye ndiye aliyeubuni.

Refa mkuu, Clem Haugen, akaja taratibu. Ujanani alikuwa refa msaidizi, na alimtenganisha Orest na watu mara kumi na moja.

"Mzee Paluk. Umestaafu au hujastaafu?"

"Nimestaafu."

"Nisikilize vizuri. Sheria unaijua. Ukizidisha mtu dakika ya mwisho kwa makusudi, nawapa wale penalti, mpigaji na golikipa peke yao. Ukizidisha kwa bahati mbaya, mnacheza pungufu. Wewe unatolewa kwa vyovyote. Ilikuwa ipi?"

"Makusudi!" kocha wa Esker alifoka. "Mbweha mkubwa huyo!"

Orest alitazama jukwaani. Mji mzima ulikuwa unamwona mwerevu, kwa mara ya kwanza tangu abatizwe. Kunyamaza tu kungetosha. Lakini mpigaji wa Esker hakuwa amekosa penalti msimu mzima. Tena Stefania alikuwa pale na rozari, anamtazama mwanawe.

"Niliguswa bega," alisema.

"Ulifanyaje?"

"Niliguswa bega, Clem. Nikaruka. Basi."

"Nani kakugusa?"

Kule benchini mwalimu Gord alinyoosha kidole juu kama mtoto wa darasa la kwanza.

Refa alicheka hadi akashika magoti. Kisha mtangazaji akaueleza uwanja mzima kwa kipaza sauti, kwa upole wa mtu anayetangaza msiba: "Adhabu ya dakika mbili, Dunmere. Mchezaji aliyezidi ni kocha."

Mama Kostiuk akaketi.

Orest akafukuzwa hadi kwenye ujia wa nyuma. Alisimama kando ya mashine ya kulainishia barafu, suruali imelowa, akasali Baba Yetu, akapotea katikati, akaanza upya. Yowe likapanda. La nani? Watu wa Esker na wa Dunmere hupiga yowe namna moja. Likapanda tena. Kisha honi ya mwisho.

Hatua za mbio zikaja. Alikuwa mwalimu Gord, machozi mashavuni, mkono umenyooka kuelekea bega la Orest. Ukasimama hewani. Akakohoa.

"Kocha. Golikipa kaokoa mashuti matatu. Wanakusubiri kwa picha."

Kwenye geti la barafu Mama Kostiuk alikuwa amesimama, mikono kifuani.

"Yule kijana wa Regina kaiona mechi, kanipigia simu," alisema. "Ananiambia kompyuta yake haina mahali pa kuandika kitu kama hiki."

"Sasa?"

"Sasa njoo kesho saa nne utie saini. Mwaka mmoja. Na upite mlangoni, kama watu."

Picha bado inaning'inia kwenye lango la uwanja. Vijana wamekumbatiana na kombe, ndevu zimechakaa. Kocha yuko pembeni kabisa, mgongo ukutani. Kando yake mwalimu Gord ametia mikono yote miwili mifukoni.