Nusu ya Nyuma ya Shemeji

Saa kumi na mbili kamili asubuhi Mwalimu alivuta insulini, vipimo viwili, akaligongagonga bomba la sindano kwa ukucha kutoa mapovu, akamwinua paka ngozi ya shingo na kumchoma. Paka hakushtuka. Alikuwa na umri wa miaka kumi na saba, mitatu kati ya hiyo akiwa na kisukari, na kwake sindano ilikuwa sehemu ya kifungua kinywa. Aliitwa Shemeji. Jina hilo alipewa na marehemu mume wa Mwalimu, kwa sababu paka huyo alikuja siku moja kama mtu anayepita kusalimia, akala, na hakuondoka tena.

Mwalimu alikuwa amestaafu kufundisha chekechea. Aliishi na wifi yake, mwanamke mwenye ulimi mkali na moyo laini, jirani kabisa na shule aliyofundisha.

Ugonjwa mpya ulianzia miguuni. Shemeji alianza kukanyagia visigino vya miguu ya nyuma, kama mzee aliyevaa ndala za mwanawe. Baadaye miguu hiyo ikaanza kuchelewa. Nusu ya mbele iliingia jikoni, ikala samaki wa kuchemshwa, ikajilamba masharubu. Dakika tano zikapita, ndipo nusu ya nyuma ikaingia taratibu, mkia juu, ikaungana na mwenzake. Pale mwili ulipokatikia palikuwa safi, pana manyoya, kama ncha ya mto wa kulalia.

Wiki iliyofuata nusu hiyo ilichelewa saa nzima. Kisha asubuhi moja ya jua kali ikaingia imelowa chapachapa.

"Mvua ilinyesha jana," Wifi alisema, akitandika gazeti sakafuni. "Huyu nyuma yake imebaki jana."

Wakampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari alizoea zaidi ng'ombe na kuku, lakini alikuwa mtu makini. Alimtoboa Shemeji sikio, akasoma sukari, akaupapasa uti wa mgongo hadi pale ulipoishia.

"Kisukari hula mishipa ya fahamu," alisema. "Kichwa kinatuma ujumbe, miguu inaupata baadaye. Huyu wake unachelewa kuliko kawaida. Mchomeni shingoni tu. Shingo bado iko leo."

"Na huko nyuma?" Mwalimu aliuliza.

"Huko nyuma ningehitaji kumwona jana, na jana nilikuwa nimefunga."

Mwezi ulipokwisha, nusu ya nyuma ilikuwa na ratiba yake. Iliondoka baada ya sindano ya asubuhi na kurudi kabla ya ile ya jioni. Ilirudi na mchanga katikati ya vidole. Mwalimu alikuwa akimfuta miguu kwa kitambaa siku moja alipousogeza ule mchanga dirishani, kwenye mwanga. Ulikuwa mweupe, wa mtoni, uliochanganyika na magamba ya rangi ya buluu.

Aliujua. Mchanga huo aliuagiza mwenyewe, na rangi hiyo ni yeye aliyeipaka bembea ya shule, kwa masalio ya rangi ya mlango wake. Ulikuwa mchanga wa uwanja wa watoto. Uwanja wenyewe haukuwepo tena. Miaka tisa iliyopita ulizungushiwa mabati, na mabati yalipoondolewa palikuwa na maegesho yenye kivuli, ya magari ya wakubwa wa ofisi ya ardhi. Tangu hapo watoto walichezea kwenye varanda kwa zamu: Jumatatu wanaoruka, Jumanne wanaokimbia, Jumatano wanaotaka tu kupiga kelele. Kila mwaka Mwalimu aliiandikia ofisi barua, na kila mwaka alijibiwa kwa heshima kwamba uwanja huo haujawahi kuwepo.

Kesho yake alifunga mchanga kwenye karatasi, akaitia nusu ya mbele ya Shemeji kapuni, akaenda ofisini.

Ofisa wa ramani alikuwa kijana mpole. Alisimama kumwamkia, akamvutia kiti, akachungulia kapuni.

"Nusu nyingine iko wapi, Mwalimu?"

"Iko uwanjani, mwanangu."

"Uwanja upi?"

"Ule ambao haujawahi kuwepo."

"Basi haiwezi kuwa huko," ofisa alisema, bila ubishi. Alimwaga mchanga kwenye kiganja, akaugeuzageuza. Kisha kitu kikamjia. Alifungua kabati, akatoa faili lililojaa sisimizi, akalikung'uta juu ya pipa la taka. Ndani yake kulikuwa na ramani. Katikati palikuwa na doa kubwa la manjano, na doa lote lilikuwa limeliwa hadi kukawa tundu.

"Miaka tisa tunajiuliza sisimizi hawa wanafuata nini," alisema. "Samahani kwa kuuliza. Paka wako ana sukari?"

"Anayo."

"Na anakunywa maji mengi?"

"Bakuli mbili kwa siku."

Ofisa akachukua kalamu. Aliandika kwamba nusu ya nyuma ya paka mmoja, mali ya mwalimu mstaafu, iliingia katika ofisi ya ardhi miaka tisa iliyopita bila kibali, ikakojolea ramani halali ya uwanja wa watoto na kuiharibu.

Mwalimu alisoma mstari huo mara mbili.

"Kwa hiyo ramani ilikuwepo."

"Katika kesi ya paka, ilikuwepo. Katika barua zako, haijawahi kuwepo." Ofisa alimtazama kwa huruma ya kweli. "Ni mafaili mawili tofauti, mama."

Shauri lilikwisha palepale. Nusu ya nyuma ilipigwa marufuku kuingia ofisini katika mwaka ule, na tangazo likabandikwa mlangoni, likiwa na tarehe ya miaka tisa nyuma ili lisomwe kwa wakati. Mwalimu alitia sahihi kwamba amelipokea. Ofisa alimsindikiza hadi ngazini akimbebea kapu.

"Mama yangu naye ana sukari," alisema. "Usimruhusu kulala njaa baada ya sindano."

Nyumbani, Wifi aliposimuliwa, alicheka mpaka akakaa chini. "Kesi ya nyani umempelekea ngedere," alisema. "Na bado amekushauri lishe."

Jioni hiyo saa kumi na mbili ilifika na nusu ya nyuma haikuja. Mwalimu aliichoma sindano nusu ya mbele, akakaa nayo kizingitini. Alifikiri labda wameikamata huko ilikokuwa, miaka tisa nyuma. Aliona uchungu ambao hakuwa ameuona tangu msiba wa mume wake, akajiambia ni paka tu, akajijibu kwamba si paka tu, ni nusu.

Ilifika imechelewa robo saa. Mkiani ilikuwa imefungwa utepe mwekundu wa nywele, kwa fundo la mtoto asiyejua bado kufunga mafundo.

Mwalimu aliugusa utepe. Kisha akamwambia Wifi: "Kulikuwa na kitoto kimoja, sauti yake kubwa, nywele zake kila siku na utepe mwekundu, tukikiita Kengele. Kiliniambia kinacheza na paka asiye na kichwa. Nikakisimamisha pembeni kwa kusema uongo."

"Huyo Kengele yuko wapi sasa?"

"Mama yake ni yule mshonaji wa karibu na kituo cha maji."

Siku iliyofuata alikwenda. Kengele alikuwa na miaka kumi na tano, mrefu, amekaa anashona vifungo. Alisimama akamwamkia.

"Marahaba. Mwanangu, nimekuja kukuomba radhi. Ulisema kweli, nami nikakusimamisha mikono juu siku mbili."

"Siku tatu, Mwalimu," Kengele alisema.

"Siku tatu."

Msichana alikata uzi kwa meno. Hakuonekana kama mtu aliyepewa habari mpya.

"Tulimwita Mkia," alisema. "Alipenda kulala chini ya bembea. Bado yuko?"

"Yuko. Anaumwa."

"Na uwanja umerudi?"

"Haujarudi."

"Kwani walisema nini?"

"Wamesema paka ndiye aliyeuharibu."

Kengele alifikiri kidogo, kisha akaweka shati kando na kutafuta viatu vyake. "Nyuma yake yote nimeikumbatia," alisema, "lakini uso wake sijawahi kuuona."

Walikaa watatu jikoni. Kengele alimpakata Shemeji, yaani ile sehemu iliyokuwepo, wakatazamana kwa makini kama ndugu waliokua mbalimbali. Karibu na saa kumi na mbili nusu ya nyuma ikaingia ikikanyagia visigino, ikapanda mapajani mwake bila kuuliza. Kengele akautoa mchanga vidoleni, kidole kimoja baada ya kingine, na Mwalimu akavuta vipimo viwili.

Ng'ambo ya ukuta magari ya wakubwa yalikuwa yanatoka mojamoja kwenye maegesho, kwa sababu saa za kazi zilikuwa zimekwisha.