Mashimo Aliyoyachagua Baba

Kigingi cha kwanza cha mpaka kiligoma kuingia. Binti akakipiga nyundo mara ya pili, kikapinda. Akapiga magoti, akafukua kwa mkono: udongo wa kina cha kiganja, kisha mwamba. Akahama, akafukua tena. Mwamba. Chini ya kilima trekta zilikuwa zimeegeshwa, madereva wakipiga soga, wakimsubiri awaonyeshe wapi pa kuanzia kulima. Ni yeye aliyeandika kwamba malisho haya ya juu yanafaa kwa viazi. Machozi yakamlenga.

Ofisini walimwita Profesa wa Matope, na si kwa kumkejeli. Alikuwa fundi hasa. Alipotumwa kupima udongo wa kilima alikozaliwa, ili serikali iamue kama impe mwekezaji akilime au iwaachie wafugaji, mkuu wake alimkanya jambo moja tu: mashimo yapishane kwa umbali ulio sawa, kilima kizima, usichague. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Ukianza kuchagua, umeshaiharibu.

Lakini siku ile baba yake alimpokea njiani na fimbo yake, ukungu umemlowesha kofia, akicheka. Baba ambaye hakuwa amecheka tangu amzike mkewe!

"Nifuate mimi, mama," alimwambia. "Utahangaika bure na hivyo vyombo vyako. Chimba hapa."

Binti akachimba. Ukatoka udongo mweusi, laini, mkono ukazama hadi kwenye kiwiko.

"Umeona mambo hayo? Twende pale."

Na pale vivyo hivyo. Mzee alitembea mbele kama mtu anayewatembeza wageni kwenye nyumba yake mpya. Binti alijua fika kwamba anavunja utaratibu, akaendelea kuchimba. Nani angekuwa na moyo wa kumwambia mzee yule akae pembeni? Wewe, labda. Yeye hakuweza. Maabara ilipojibu kwamba udongo umejaa rutuba kupita kiasi, badala ya kushtuka alifurahi kwa ajili ya baba yake, na ramani ikapakwa rangi ya kilimo.

Sasa alinyanyuka, magoti yakiwa na vumbi, akamfuata baba yake aliyekuwa akichunga hatua chache kutoka pale.

"Baba, zile sehemu ulizonipeleka, zamani kulikuwa na nini?"

"Mazizi. Ya baba yangu, na ya babu yangu kabla yake. Ng'ombe wamelala pale miaka nenda rudi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka wajue kilima chetu ni kizuri, kwamba tumekitunza. Nikasema, wakishajua hivyo watatuheshimu, watatuachia."

Samadi ya miaka mingi hugeuza hata changarawe kuwa bustani. Kwingine kote kilima kilikuwa na ngozi nyembamba tu ya udongo, nayo ilishikiliwa na nyasi. Inawatosha ng'ombe, haivumilii jembe.

Akampigia mkuu wake simu.

"Futa vipimo vyangu. Vyote. Nilichimba kwenye mazizi."

Mkuu alijibu, "Mkataba umeshatiwa saini. Barua nitaandika, lakini trekta haisomi barua."

Na kweli haikusoma. Walilima kuanzia mteremko wa juu hadi chini. Mvua ya kwanza kubwa ilipopiga, mto ulishuka mwekundu, na asubuhi kilima kilikuwa kimebaki mawe na mifereji. Viazi havikuwahi hata kupandwa.

Wafugaji wakaitana kikao. Binti alikwenda akiwa amejiandaa kutukanwa, na akatukanwa.

"Tumekusomesha uje utuuze!" jirani mmoja alimfokea. "Haya, tupe hayo majani tulishe!"

Baba yake akasimama. "Mwacheni mwanangu. Aliyemwonyesha pa kuchimba ni mimi."

Waliinuka mmoja mmoja, wakaondoka bila kumuaga, watu aliokua nao tangu utotoni. Mzee alibaki amesimama kama anayengoja zamu yake ya kusema, na binti alilia waziwazi, bila kujificha.

Siku ya mnada binti alikuja kumsaidia baba yake kuwaswaga ng'ombe kwenda kuuzwa. Walikuwa mifupa mitupu. Mzee alifungua lango, akasimama katikati yake bila kuwaita.

"Nikuulize kitu, mama. Nawe uniambie kweli." Hakumtazama. "Ungechimba peke yako siku ile, kilima tungebaki nacho?"

Maishani mwake binti alikuwa hajawahi kusema uongo kuhusu udongo.

"Hapana, Baba," alisema. "Wangekichukua tu."

Mzee alimgeukia, akamwangalia usoni kwa muda mrefu, jinsi alivyokuwa akimwangalia utotoni, binti alipokana kwamba amelamba sukari.

"Asante, mwanangu," alisema, akasogea pembeni kuwapisha ng'ombe.