Mwanafunzi wa Dirishani

Hivi wewe, ukitazama katuni ya shule, huwa unawatazama wale wanaokaa nyuma? Si yule shujaa mwenye nywele zilizosimama kama burashi ya viatu, wala yule mwalimu mkuu mwenye kitambi na filimbi shingoni. Wale wengine. Wale wanaochorwa ili darasa lisionekane tupu.

Katika katuni iliyokuwa ikionyeshwa kila Jumamosi saa nne asubuhi, iliyoitwa Kidato cha Tatu B, alikuwepo msichana wa namna hiyo. Alikaa dawati la tatu, kando ya dirisha. Alikuwa na mikia miwili ya nywele, sweta la manjano asilolivua hata jua liwake vipi, na mdomo uliochorwa kwa namna mbili tu: umefungwa, na umefunguka kidogo. Jina hakupewa. Kwenye karatasi za maneno aliandikwa "mwanafunzi wa dirishani", basi. Katika vipindi sitini na kitu alikuwa amesema "mh!" mara nyingi, "haa!" mara chache, na siku moja alipiga chafya.

Aliyempa sauti msichana huyo alikuwa mama wa miaka arobaini na mmoja, mke wa fundi makochi. Kazi ile aliipata kwa bahati. Mumewe aliitwa kubandika sponji kwenye kuta za chumba cha kurekodia, yeye akampelekea chakula cha mchana, na alipokuwa mlangoni akacheka kwa jambo fulani. Kicheko chake kilikuwa chembamba, cha kitoto. Mzee mmoja mfupi akageuka, akauliza, "Nani kamleta mwanafunzi hapa?" Tangu siku ile akaingizwa katika kundi la umati, na jina la Wa Dirishani likamganda. Hata mumewe nyumbani alimwita hivyo.

Mzee yule mfupi waliyemwita Babu Zogo ndiye aliyekuwa kiongozi wa umati. Walikuwa watu wazima sita, na kazi yao ilikuwa kupiga kelele za darasa, za uwanjani, za foleni ya chakula. Waliacha viatu mlangoni, wakavua bangili na saa, kisha wakazunguka maiki moja mabega yakigusana. Babu Zogo aliwafundisha siri ya kazi. Kama kelele ina maneno yanayoeleweka, sikio la mtazamaji huyakimbilia na kumwacha shujaa anaongea peke yake. Kwa hiyo umati hausemi kitu. Unasema "bamia biringani, bamia biringani", mmoja kwa sauti ya kuuliza, mwingine kwa kugomba, mwingine kama anayelalamika. Ukisikia darasa zima linabishana, ujue ni watu wazima sita wanataja mboga.

Lakini kwa miezi miwili, Wa Dirishani hakuwa akitaja mboga.

Ilianza asubuhi moja anajipaka mafuta baada ya kuoga. Kidole kiligusa kitu chini ya taya, upande wa kushoto, kidogo kama kunde. Baada ya wiki sita kilikuwa kama haragwe. Akaenda peke yake kwenye zahanati ya karibu, na daktari akakibonyeza, kisha akakibonyeza tena. Akamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. "Nenda Jumatatu yoyote," alimwambia. "Watachukua kipande kidogo wakapime. Ila uende na mtu wa kukusindikiza. Bila mtu wako hawakupokei."

Barua aliificha kwenye droo ya vijiko, chini ya gazeti lililotandikwa. Jumatatu ya kwanza ilipita. Alijiambia kuna nguo nyingi za kufua. Ya pili ikapita, alijiambia mvua. Kile kitu sasa kilikuwa kama golori, naye alikuwa amejifunza kufunga kitambaa shingoni hata wakati wa joto.

Aliogopa, na uoga wake ulikuwa na sababu. Mama yake mdogo aliwahi kuingia hospitali na uvimbe kama ule akiwa anaimba, akatoka bila sauti, anaandika kwenye daftari. Lakini hata hilo halikumtisha kama kumwambia mumewe. Fundi makochi alikuwa mcheshi, mtu wa kuchekesha hata misumari yake, ila kulikuwa na neno moja lililomkausha. Mke wake wa kwanza aliingia hospitali kwa miguu yake na kutoka amefunikwa shuka. Tangu hapo fundi huishia getini. Binti yao alipozaliwa, baba mtu alikaa kwenye benchi la nje siku nzima amekumbatia beseni la nguo, akamtuma mama yake ndani. Na huyo mama mkwe, siku Wa Dirishani anaingia bibi harusi, alimvuta pembeni akamwambia, "Mwanangu hana shida. Ila hospitali usimtajie. Atanyamaza wiki nzima, na nyumba itakuwa kaburi."

Basi lile neno alilisema mahali pamoja tu. Ndani ya zogo. Babu Zogo akishusha mkono, wenzake wakianza bamia biringani, yeye hufumba macho na kusema, "Naogopa jamani, naogopa, nina uvimbe shingoni, nani atanipeleka hospitali, naogopa." Maneno yalizama kwenye kelele kama chumvi kwenye maji, na yeye alitoka amepumua kidogo.

Jumatano ile waliingia chumbani wakakuta maiki sita ndogo zimening'inia, kila moja na kamba yake. Nyuma ya kioo alikaa fundi wa sauti, mama mnene wa makamo waliyemwita Masikio, kwa sababu aliweza kusimamisha kazi na kuuliza, "Nani hajanywa chai? Tumbo lake linanguruma." Leo alikuwa na haraka. Aliwaambia tu kila mtu asimame mbele ya yake.

"Mbona tumetengwa?" aliuliza Babu Zogo. "Tunanuka?"

"Wewe unanuka siku zote, babu. Simama hapo."

Katika kipindi cha kuonyeshwa Jumamosi hiyo, mwalimu mkuu anatangaza kwamba mtihani wa mwisho ni leo, sasa hivi, na darasa linalipuka. Picha zilikuwa zimeshakamilika. Kelele za umati ndizo huwekwa mwisho. Lilikuwa zogo la dakika nzima, refu kuliko yote waliyowahi kupiga. Mkono wa Babu Zogo ukashuka. Wa Dirishani akafumba macho, na kwa kuwa dakika ilikuwa ndefu akasema yote, mpaka habari ya barua kwenye droo ya vijiko, mpaka habari ya Jumatatu inayokuja.

Wakatoka kunywa chai. Masikio akaja na kikombe chake, amefurahi kama mtoto wa sikukuu.

"Mashine mpya hiyo! Zamani nilikuwa napata uji mmoja. Sasa kila mtu ana mstari wake. Nikitaka kumsikia Babu Zogo peke yake, nabonyeza, nawazima wengine."

"Mungu akuhurumie," mmoja akasema, na wote wakacheka.

Wa Dirishani hakucheka. Aliweka kikombe chini, chai ikiwa bado imejaa. Wenzake walipoinuka, alimfuata Masikio mpaka mlangoni.

"Dada, naomba turudie ile ya leo. Ya kwangu tu."

"Kwa nini? Umekosea?"

"Nili... nilikohoa."

"Kikohozi darasani kitamu. Kinaleta uhai."

"Lakini dada, nilikohoa sana."

Masikio akamtazama, kisha akatazama kile kitambaa shingoni. Wa Dirishani akahisi shingo yote inawaka moto.

"Umeshasikiliza?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nani ana muda? Nimeangalia tu mistari ya sauti inavyoruka kwenye mashine, nikaituma. Iko kwa wahariri tayari. Watachagua wenyewe nani wampandishe sauti, nani wamshushe. Usiwe na wasiwasi, wewe huwa hawakupandishi."

Huwa. Neno hilo alilibeba mpaka nyumbani kama yai bichi.

Alhamisi hakula. Ijumaa aliunguza maharage mara mbili. Kichwani alisikia sauti yake inatoka kwenye televisheni, nyembamba, wazi, peke yake: nina uvimbe shingoni. Alimwona mumewe anaweka nyundo chini. Alimwona binti yake, mtoto wa miaka kumi anayehesabu kwenye daftari mara ngapi Wa Dirishani ameonekana kila kipindi, kalamu imesimama. Wangejua wote kwa pamoja, na asingekuwa yeye aliyewaambia.

Jumamosi asubuhi aliwaza kuchomoa waya wa televisheni. Alichelewa. Saa tatu na nusu mama mkwe alikuwa ameshakaa kwenye kochi la katikati, miwani usoni, mikono mapajani, kama anayesubiri kuapishwa.

"Mama, leo si ungepumzika? Jua limekuwa kali."

"Jua liko nje, mwanangu. Mimi niko ndani."

Mumewe akaja na sindano yake ya kushonea makochi ikiwa bado imechomekwa kwenye kola, akajitupa chini kwenye mkeka. "Haya, tumwone bosi wa dirishani. Leo atapiga chafya au atahema tu?"

"Baba, shhh! Inaanza."

Wa Dirishani alikaa kwenye ukingo wa kiti karibu na mlango. Wimbo wa kuanzia ukapita. Shujaa akachelewa shule, akaruka ukuta, akararua suruali. Mumewe akacheka mpaka akapiga mkeka. Yeye hakuona kitu. Alikuwa anasubiri mlango wa darasa.

Ukafunguliwa. Mwalimu mkuu akaingia na kitambi chake, akapuliza filimbi.

"Siwasikii," akasema mama mkwe. "Ongeza."

"Inatosha, mama!" Sauti ilimtoka kali, hata yeye mwenyewe ilimshtua.

"Inakutosha wewe mwenye masikio mapya. Mjukuu wangu, ongeza."

Mtoto akaongeza. Baa tano, baa sita. Mwalimu mkuu akasema mtihani ni leo, na darasa likalipuka.

Alikaza macho kwenye msichana wa sweta la manjano na kuuona ule mdomo ukifunguka kidogo, ukifumba, ukifunguka. Kelele zilijaa sebuleni. Alimsikia Babu Zogo anagomba. Alimsikia yule wa kulalamika. Na chini yao kabisa, kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta, alijisikia mwenyewe: naogopa... shingoni... Jumatatu... Alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

"Hao watoto wanasema nini?" akauliza mama mkwe, ameinamisha sikio.

Wa Dirishani akainuka nusu kwenye kiti.

"Wanapiga kelele tu, bibi," akasema binti, macho hayajatoka kwenye daftari.

Na shujaa akapanda juu ya dawati, na kelele zikashuka, na ikawa imekwisha. Hakuna aliyegeuka. Mama mkwe akavuta kanga yake vizuri. Mumewe akajikuna goti.

Alipaswa kufurahi. Siku tatu alikuwa ameomba iwe hivi hivi. Badala yake uoga mwingine ulimwingia, mbaya kuliko ule wa mwanzo. Alikuwa amesema yote mbele ya watu wake wote, kwa sauti iliyoongezwa, na hawakusikia. Na wasingesikia kamwe. Jumatatu ya tatu ingepita kama zile mbili, na ya nne, na kile kitu kingeendelea kukua chini ya kitambaa huku wao wanacheka, mpaka siku kitakapojisema chenyewe.

"Kumi na moja!" binti akatangaza. "Leo ameonekana mara kumi na moja, na mdomo umefunguka mara tisa!"

"Mara tisa!" Mumewe akageuka kwenye mkeka, meno yote nje. "Wa Dirishani wangu leo kachangamka. Hebu tuambie bwana, ulikuwa unabwabwaja nini pale?"

Alifungua mdomo kusema bamia biringani, kama umati unavyosema siku zote. Bamia haikutoka.

"Nilikuwa nasema naogopa," akasema.

"Unaogopa mtihani? Umri huo?" Mumewe akacheka, mama mkwe naye akatikisika mabega.

"Naogopa hospitali."

Kicheko kilikatika kama uzi. Mama mkwe akamkazia macho, akatikisa kichwa taratibu: acha, mwanangu. Mtoto akashusha kalamu. Fundi alitazama mkeka. Vidole vyake vilikuwa vinachomoa uzi kwenye pindo la suruali, uzi ambao haukuwepo.

Sasa ndipo uoga ulipomshika kwa mikono yote miwili. Angeweza bado kucheka, aseme alikuwa anatania. Aliinuka. Akavuka sebule, akapiga magoti kwenye mkeka mbele ya mumewe, akafungua kitambaa. Akauchukua mkono wake, ule mkono mgumu wenye alama za sindano, akauweka chini ya taya, upande wa kushoto.

Akauona uso wake unavyobadilika vidole vilipokutana na kile kitu. Mumewe akataka kuuvuta mkono. Yeye akaushikilia.

"Kina miezi miwili," akasema. "Barua ninayo. Wanataka kuchukua kipande wakapime, na hawanipokei bila mtu. Nimekosa Jumatatu mbili kwa sababu ya kukuonea huruma, na kwa sababu ya kuogopa. Bado naogopa, baba. Nasikia hata meno yangu yanatetemeka."

Mumewe alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi na kochi mgongoni.

"Keshokutwa nataka twende wote," mkewe akasema. "Siyo mpaka getini. Nataka uingie na mimi ndani."