Bureti za Mwalimu Debora

Shule ya kata kule Mvumi ilikuwa na chumba kilichoandikwa MAABARA mlangoni, na ndani yake mlijaa magunia ya mahindi. Kemia ilifundishwa kwa chaki. Mwalimu Debora alichora bureti, ule mrija wenye mistari wa kupimia kimiminika, ubaoni miaka mitatu, watoto wakafeli miaka mitatu, mwisho uchungu ukamzidi.

Jumamosi moja akapanda basi hadi Mikumi, kwenye maegesho ya malori, akanunua mpira mwangavu ambao mafundi hunyonyea dizeli. Zahanati wakampa vibano vya dripu zilizopitwa na muda. Akakata mpira vipande, akakifunga kila kimoja kwenye ubao, kibano chini kikawa koki. Kisha akamimina maji kwa bomba la sindano, mililita moja moja, kila mara akichora mstari. Alianzia chini, kama mtu yeyote anayejaza kitu: moja, mbili, hadi hamsini juu kabisa. Bureti arobaini, kila mtoto na yake!

Bureti ya dukani huhesabu kinyume. Sifuri iko juu, hamsini iko chini. Debora alilijua hilo tangu chuoni, ila alipolikumbuka, mistari elfu mbili ilikuwa imeshakauka. "Jibu ni tofauti ya vipimo viwili tu, cha mwanzo na cha mwisho," akajiambia. Wahenga walishasema juu ya ufa na ukuta, lakini mwalimu aliyechoka hasikii la mhenga. Na kwani mtihani si wangefanyia hizohizo?

"Jazeni mpaka hamsini, halafu fungueni," akawafundisha, mwaka mzima.

Aliyeshika upesi kuliko wote alikuwa Loveth, binti wa mkulima wa mpunga. Alitaka kusomea utabibu, na bila kemia hakuna chuo ambacho kingempokea.

Asubuhi ya mtihani wa taifa, watoto wakiwa wameshaingia, mkuu wa shule, Mzee Hezekia, akamjia Debora akicheka.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Madam, leo tumeachana na mipira! Nimeazima bureti za kioo Kilosa, zimefika alfajiri. Nilitaka nikushtukize."

Debora alikimbia hadi kwenye dirisha la chumba cha mtihani. Msimamizi, Beda, akamzuia kwa mkono.

"Mwalimu wa somo hasogei hapa. Ukitamka neno moja, nafuta mtihani wa wote."

Kioo cha dirisha kilikuwa safi, aliona kila kitu. Loveth alitafuta hamsini, akaikuta chini. Akasita. Akamimina kidogo, kwa uangalifu ule aliofundishwa, akaacha kimiminika kilipogusa hamsini. Bureti ilikuwa tupu karibu yote. Wenzake walipoona Loveth amefanya hivyo, nao wakafanya hivyo, meza baada ya meza. Debora akauma kidole asipige kelele. Aliwaza watoto wote arobaini, akawaza ubao na chaki, akatamani asingeijua Mikumi kamwe.

Loveth akafungua koki. Matone machache yakadondoka kwenye chupa iliyokuwa chini yake, yakakoma. Akatikisa chupa. Rangi haikubadilika, na bila hiyo hakuna jibu. Akaitazama bureti, akaitazama karatasi, kisha akainua macho, akamwona mwalimu wake dirishani.

Debora alingoja lawama katika uso ule, angeipokea. Lakini binti yule alikuwa analia kimyakimya, na midomo yake ikasema polepole, bila sauti: samahani, madam.