Majibu ya Kipimo

Amira binti Abdulshakur hakuwa bubu, ila maneno yalikuwa mazito kinywani mwake na mepesi vidoleni. Tangu dada yake Mwasiti aolewe Muskat, mtu aliyezungumza naye kwa kweli alikuwa huyo huyo Mwasiti, kwa barua za kwenye kompyuta. Baba yao aliinunua kwa mzungu mmoja wa utafiti wa dhahabu aliyekuwa anarudi kwao, akaiweka kwenye duka lake la spea za baiskeli, pale Shinyanga mjini, kati ya matairi na simu.

Mwaka ule wa tisini na nane, barua zikaanza kuoza. Ukifungua moja, nusu ya maneno hayapo. Amira akaipima kompyuta kwa programu aliyoiacha yule mzungu, nayo ikasema barua zote za dada zina virusi. Zifutwe? Akajibu hapana. Angezifutaje? Na kumwandikia Mwasiti hakuthubutu, asije akaiambukiza na kompyuta ya kwake.

Akaenda kuomba msaada kwa wajuzi, kwenye baraza lao huko kwenye intaneti. Akaandika kwa Kiingereza cha darasani, kama alivyolelewa: akawasalimu, akawaulizia wazee na watoto wao, ndipo akasema shida yake.

"Mbona unapiga kelele?" mmoja akamjibu. Kumbe aliandika yote kwa herufi kubwa, akidhani ndiyo adabu.

"Acha ngonjera," akasema mwingine. "Leta majibu ya kipimo."

Wa tatu, aliyejiita Popo, ndiye aliyekuwa na utu. "Usifute kitu. Nipe majibu yote kama yalivyo, tutaziokoa barua zako. Ila usipotee. Ukikaa kimya, wanafunga mada."

Amira alifurahi hadi akajisahau. Akapima upya, na orodha ilipojaa kwenye kioo akapaza sauti, yeye ambaye dukani hajawahi kusikika:

"Baba! Majibu yametoka! Virusi vimeenea kote!"

Mageni, fundi baiskeli, alikuwa anachagua mnyororo. Akaurudisha mezani taratibu.

"Mayu wane, mama yangu! Bado mdogo hivi," akanong'ona. "Pole, Mzee Abdu."

"Kompyuta hiyo, Mageni!"

"Ndiyo, ndiyo. Kila mtu ana namna yake ya kulisema."

Miaka ile neno virusi lilikuwa na maana moja tu: Ukimwi. Kabla ya magharibi habari ilishafika sokoni. Shuleni Serafina, waliyekaa naye dawati moja, akahamia nyuma, eti mbele kuna jua. Dukani wateja walipokea chenji kwa ncha za vidole. Baba akatia kufuli kwenye simu, ndiyo njia pekee ya kufika kwenye intaneti.

"Dude lako limetuvua nguo, mwanangu. Watu wasahau kwanza."

Watu walichelewa kusahau. Siku kufuli lilipotoka, Amira aliunganisha laini, akaenda moja kwa moja barazani. Popo alikuwa ameandika: "Upo?" Kisha tena: "Bado upo?" Chini yake msimamizi akamalizia: mwulizaji hajibu, mada imefungwa. Amira akatafuta pa kuandika kwamba yupo. Hapakuwepo.

Kulikuwa na barua moja mpya, ya Mwasiti. Hiyo ilikuwa nzima, haijaliwa hata herufi. "Nimepigiwa simu kutoka nyumbani. Niambie si kweli."

Amira akamwendea baba yake. "Naomba nimpigie dada."

Baba akamtazama, maana binti huyu simu ikilia hukimbilia stoo. Akampa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Amira? Ni wewe?"

"Ni mimi. Dada, sikupimwa mimi. Ni kompyuta ndiyo ina virusi. Vinakula barua zako."

Laini ikavuma kama nyuki ndani ya kibuyu.

"Mdogo wangu," Mwasiti akasema, sauti imelowa. "Mimi si jirani. Mimi usinifiche."

"Sikufichi, dada."

"Najua. Najua." Akapenga kamasi huko Muskat. "Unakula vizuri lakini?"

Amira akauzungusha waya wa simu kidoleni.

"Nakula," akasema.