Mbuzi Aliyeitwa Kiti

Pikipiki ilikwishaiacha Kiegeani nyuma, inakata lami kwenda Kilindoni, na Mwatima kakaa upande, mkoba kifuani, anasoma kwa sauti kama mtoto wa chuo cha Kurani.

"Mlango, door. Ndoo, bucket. Mto, spoon. Kiti, goat."

Luqmani, dereva, nusura aingie kwenye minazi.

Huyu Mwatima ni mke wa kaka yake, na mtu na shemejie hawaachi kutaniana. Mwezi mzima mama huyu alikuwa akibandika vikaratasi nyumbani, kila kitu na jina lake la Kiingereza. Mwalimu Arafa wa shule ya kijijini ndiye aliyemwandikia na kumshauri: anza na majina ya vitu, mengine utaonyesha kwa mkono. Hata mbuzi alifungwa chake shingoni kwa ukili. Siku moja ya mwanzoni Luqmani akaja kula, akakuta hamna mtu, akavihamisha. Cha kiti akamvisha mbuzi, cha mbuzi akakibandika kitini. Cha mto wa kitandani na cha kijiko navyo akavibadilisha. Akacheka peke yake, akala, akaondoka, akasahau. Alidhani shemejie atagundua jioni ile ile. Angegunduaje? Shule aliiachia darasa la pili.

"Shemeji, leo sokoni kuna nini?"

"Soko gani! Naenda kwenye usaili. Hoteli moja ya wageni wanaokuja kuona papa potwe inataka mtu wa vyumbani. Bi Shani, msimamizi wao, atanionyesha vitu, mie nivitaje. Mwani wangu umekufa misimu miwili. Hii nikiikosa, sina nyingine."

Luqmani akapunguza mwendo. Aseme apigwe, au anyamaze wageni walalie vijiko? Akaegesha.

"Shemeji, kiti si goat. Goat ni mbuzi."

"Na karatasi je?"

"Nilizihamisha mimi. Na ya mto pia."

Mkoba ulimshukia kichwani mara tatu. Bahati alikuwa na helmeti.

"Mwanahizaya mkubwa we! Haya, chutama. Leo wewe ndiye kikaratasi."

Pale pale kando ya lami Luqmani akachutama akawa kiti, "chair, chair." Akatambaa, akalia mee, "goat, goat." Akajikunja akawa mto. Mzee Matano akatokea na baiskeli yake.

"Shikamoo, mzee," alisema Luqmani, magoti bado chini.

"Marahaba. Umeangusha nini?"

"Nasoma Kiingereza."

"Alhamdulillahi," alisema mzee akikanyaga pedali, "mie walininyima shule."

Kilindoni, ofisini, Bi Shani alionyesha ndoo, mlango, kijiko, mto. Vyote vikapita. Kisha akagusa kiti. Mwatima akakikodolea macho. Mbuzi alikuwa kamkaa ulimini, hatoki. Mwezi mzima si mchezo. Akaenda dirishani.

"Shemeji! Njoo uwe kiti!"

Madereva wote wa kijiwe cha nje, Luqmani akiwemo, waligeuka. Luqmani akaingia, akamwamkia Bi Shani, akachutama katikati ya ofisi.

"Chair!" Mwatima akapiga kofi.

Bi Shani alitaka maelezo, na Luqmani akayatoa yote akiwa vile vile amechutama. Mama wa watu alicheka mpaka akavua miwani.

"Wanne wa asubuhi walipokwama walinyamaza tu," alisema. "Wewe ukikwama unaita mtu. Jumatatu uje kazini."

Mwatima yuko hotelini mpaka leo, ana vyumba sita vya kusafisha. Bi Shani alihamia Tanga. Mwalimu Arafa ameolewa Jibondo, anafundisha huko. Mzee Matano ameuza baiskeli. Luqmani bado anaendesha, na kijiweni wanamwita Kiti. Mbuzi alichinjwa Idi, karatasi yake ikiwa shingoni, ile iliyo sahihi.